Bunduki ya Ng'ambo: Kibali Kwanza, Kodi Baadaye

Mkazi wa Rulenge, wilayani Ngara, haoni ajabu kununua kitu ng'ambo. Mpaka wa Rwanda pale Rusumo uko kaskazini, wa Burundi pale Kabanga uko magharibi, na mahindi, maharage, vitenge na vyombo vya ndani vimekuwa vikivuka mipaka hiyo miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mfugaji mwenye zizi kubwa, au mwenye duka aliyechoka kukesha akisikiliza kila mbwa anayebweka, akianza kufikiria bunduki huwaza kama anavyowaza pikipiki: nje ni bei nafuu, nitakwenda kuichukua, na mpakani nitalipia ushuru. Basi.

Kwa pikipiki hesabu hiyo inaweza kusimama. Kwa bunduki haisimami hata kidogo. Ushuru hulipwa kwa mzigo ambao tayari umeruhusiwa kuingia, na kuulipa hakukupi ruhusa. Anayefika dirisha la forodha na bunduki isiyo na kibali hata akiwa na pesa mfukoni hatoki na risiti. Anabaki hapo hapo mikononi mwa polisi.

Hapa chini tunapanga hatua kwa mfuatano wake: nani anaruhusu, nani anatoza, kodi inapigwaje, na gharama zipi hazionekani kwenye bei ya dukani.

Kwa nini huku macho ni makali

Ngara na Biharamulo zina historia yake na silaha. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na Benaco, huko huko Ngara, ikageuka mji wa maturubai ya wakimbizi. Vita vya Burundi navyo vilikuwa vinaendelea upande wa pili. Silaha zilipenya pamoja na watu, na kwa miaka mingi iliyofuata abiria wa mabasi katika mapori ya Biharamulo na Ngara walisafiri kwa msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi. Ofisa wa mpakani au mjumbe wa kamati ya usalama anaposoma ombi lako la bunduki anaikumbuka historia hiyo. Asipokubali haraka, usimwone kuwa na chuki na wewe.

Juu ya hayo, Tanzania ni mmoja wa waliotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha, zitunze kumbukumbu zake na zidhibiti zinavyoingia na kutoka. Ndani ya nchi, sheria inayotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Kumiliki silaha bila leseni huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo kifungo chake ni kati ya miaka 20 na 30. Weka adhabu hiyo kando ya nafuu yoyote ya bei unayoahidiwa ng'ambo, kisha amua.

Hatua ya kwanza: anzia kijijini, dukani utafika baadaye

Ombi la kumiliki silaha huanzia chini kabisa. Serikali ya kijiji au mtaa inakujua: una shughuli gani, una ugomvi na nani, unakunywa kiasi gani. Kutoka hapo karatasi hupanda kwenye kata, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na kwenye kamati ya usalama ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Kisha huenda mkoani Bukoba, na mwisho hufika kwa Msajili wa Silaha makao makuu ya polisi. Njiani utaulizwa sababu ya kutaka silaha, rekodi yako ya makosa, utimamu wa akili, na kama unajua kuitumia na kuitunza.

Fanya mambo matatu mapema:

1. Andika sababu yako kwa maneno mahususi. "Nataka kujilinda" kila mtu anaweza kuandika. "Nina duka la jumla, nalala na mauzo ya siku, na benki iko mbali" ni sababu inayopimika.

2. Hakikisha jina lako linafanana kwenye kitambulisho cha taifa, barua ya kijiji na fomu ya maombi. Herufi moja ikitofautiana faili linarudi, na faili lililorudi kutoka juu huchukua muda kupanda tena.

3. Usimlipe muuzaji hata malipo ya awali kabla ya kujibiwa. Ombi likikataliwa, pesa iliyo ng'ambo kuirudisha ni kazi.

Hatua ya pili: jua unanunua kwa njia ipi

Kuna njia tatu, na kodi zake hazifanani.

*Kwa muuzaji mwenye leseni katika mkoa mwingine.* Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtu wa Rulenge akinunua Mwanza au Dar es Salaam hakuna forodha kati ya mkoa na mkoa. Ushuru wa kuingiza nchini aliulipa muuzaji zamani, na umo ndani ya bei. Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) nayo imo, kama muuzaji amesajiliwa. Kazi yako ni kudai risiti ya mashine ya EFD yenye jina lako na bei halisi uliyolipa, na kuhakikisha polisi wa kwenu wanajua silaha inahamia wilaya gani.

*Kwa mmiliki binafsi.* Mzee wa Kahama ana shotigani aliyoimiliki kihalali na sasa anataka kuiuza. Yeye si mfanyabiashara aliyesajiliwa, kwa hiyo hapo hakuna VAT. Lakini leseni yake haisafiri na bunduki. Leseni humtaja mtu na silaha, na mtu akibadilika umiliki lazima uhamishwe kupitia polisi. Bunduki inabaki kwake, au inakabidhiwa polisi, mpaka uhamisho ukamilike. Mkipeana mkononi kwanza na kuahidiana kwenda kituoni wiki ijayo, siku zote hizo za katikati mmoja wenu anashika silaha isiyo yake.

*Kutoka nje ya nchi.* Hapa ndipo kibali cha kuingiza silaha kinapotakiwa juu ya leseni ya kumiliki. Ni karatasi mbili tofauti, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziorodhesha silaha na risasi miongoni mwa bidhaa zilizowekewa masharti. Maana yake ni kwamba bila kibali cha mamlaka husika, forodha huzihesabu kama bidhaa zilizokatazwa, na zilizokatazwa hutaifishwa. Nchi unayonunulia nayo itataka kibali chake cha kuzitoa. Kwa hiyo faili lako linapaswa kuwa na ruhusa kutoka pande zote mbili za mpaka kabla bunduki haijasogea hata mita moja.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya forodha

Tuchukulie vibali vyote vipo. Sasa kodi.

Forodha huanza na thamani ya bidhaa, ambayo mawakala huiita CIF: bei uliyonunulia, pamoja na bima na usafiri hadi kufika. Kama ankara iko kwa dola au faranga, hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha forodha cha wakati huo. Kiwango cha yule kijana wa kubadilisha pesa pale mpakani hakihusiki.

Kisha bidhaa huwekwa kwenye kundi lake. Katika orodha ya forodha silaha ziko Sura ya 93. Bastola ziko 9302, bunduki za kuwindia na shotigani ziko 9303, za upepo ziko 9304, vipuri 9305 na risasi 9306. Usidhani kuleta mtutu leo na kitako mwezi ujao kutakuepusha: vipuri vina namba yake, na vinataka kibali chake.

Ushuru wa forodha kwa sura hii, katika viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni asilimia 25. VAT ni asilimia 18, na haipigwi kwenye bei tupu. Hupigwa juu ya thamani ambayo ushuru umeshaongezwa. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Tazama mfano huu wa kujifunzia. Bunduki imenunuliwa kwa thamani ya shilingi 1,700,000, na bima na usafiri ni 300,000.

- Thamani ya forodha: 2,000,000
- Ushuru wa forodha, asilimia 25: 500,000
- Kiasi cha kutozea VAT: 2,500,000
- VAT, asilimia 18: 450,000
- Jumla ya hizo mbili: 950,000

Aliyejumlisha 25 na 18 akapata 43, akabeba 860,000, amepungukiwa na 90,000 kabla hajafika kwenye tozo ndogo. Tozo hizo zipo. Tozo ya Maendeleo ya Reli ilianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, na ada ya uchakataji wa nyaraka za forodha ni asilimia 0.6 ya bei ya kununulia. Kwa viwango hivyo ni 30,000 na 10,200. Nazo huingia kwenye kiasi cha kutozea VAT, kwa hiyo jumla yote inaikaribia milioni moja. Kwa kifupi, bunduki ya milioni mbili inakudai karibu nusu yake nyingine.

Viwango hivi hubadilika. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na mabadiliko yake kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Ukipiga hesabu mwezi wa tano na mzigo ukaingia wa saba, piga upya. Mwulize wakala au ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) pia kama bidhaa yako imo kwenye jedwali la ushuru wa bidhaa mwaka huo. Ikiwa imo, ushuru huo huingia kabla ya VAT na kuipandisha.

"Lakini Rwanda ni Jumuiya"

Swali hili huulizwa sana, na msingi wake unaeleweka. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na Rwanda na Burundi ziliingia ndani yake mwaka 2009. Bidhaa zenye asili ya nchi wanachama hazitozwi ushuru wa forodha kati yao. Mama anayevuka Rusumo na maharage yake yasiyozidi thamani ya dola 2,000 hujaziwa cheti rahisi cha uasilia pale pale kituoni, akaendelea na safari.

Ila asili ya bidhaa ni mahali ilipotengenezwa. Duka ulilonunulia halibadilishi kitu. Bunduki iliyotengenezwa Uturuki au Italia haigeuki ya Jumuiya kwa kulala miaka mitatu kabatini Kigali. Hata kiwanda cha silaha ndogo ambacho Kenya ilikizindua Ruiru mwaka 2021 kilijengwa kwa ajili ya vyombo vya usalama. Kwa raia wa kawaida, asilimia 25 ipo. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo nao una orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, na silaha hazimo.

Kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa mwaka 2016, kimefupisha foleni kwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kimepunguza muda wa kusubiri. Masharti yamebaki vile vile.

Hatua ya nne: lipa panapolipwa

Hakuna kodi ya serikali inayolipwa mkononi. Ushuru, VAT, ada ya leseni, vyote hutolewa namba ya malipo, ile kontroo namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unailipia benki au kwa simu, na jina la mlipwaji hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisome. Ikija namba ya simu ya mtu badala ya kontroo namba, ujue pesa hiyo haiendi serikalini.

Mzigo wa aina hii mpe wakala wa forodha mwenye leseni. Kabla hajaanza, mtake akuandikie malipo kwa mistari miwili: kodi za serikali, na ujira wake mwenyewe. Wakala anayetaja jumla moja tu hakupi nafasi ya kujua kipi ni kipi. Akikushauri uandike bei ndogo kwenye ankara, mwache. Forodha wana mamlaka ya kuikataa bei ya ankara na kuipanga upya, na tamko la uongo ni kosa lenyewe. Kwenye silaha ni kosa linalofungua faili ambalo hukutaka lifunguliwe.

Siku ya kupokea, ichukue ankara uiweke kando ya bunduki yenyewe. Tafuta namba iliyochongwa kwenye chuma, mara nyingi karibu na chemba au ubavuni. Isome tarakimu moja moja, kwa sauti, mtu mwingine akifuatisha kwenye karatasi: ankara, kibali, tamko la forodha, leseni. Angalia 1 na 7, angalia 0 na herufi O, angalia kama kuna mahali palipokwanguliwa na kupakwa rangi upya. Namba ikitofautiana, usiondoke nayo. Leo ni kosa la karani na linasahihishwa kwa kalamu. Mwaka ujao, kwenye uhakiki wa silaha, litakuwa swali la polisi: bunduki ya kwenye leseni iko wapi, na hii umeitoa wapi?

Gharama ambazo hazimo kwenye bei

Weka akiba kwa mambo haya, kwa sababu huja yote:

- Safari za kufuatilia faili, Ngara mjini na pengine Bukoba, pamoja na malazi.
- Mafunzo ya matumizi salama na uthibitisho wake.
- Kabati la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani. Bunduki haitunzwi chini ya godoro.
- Ada ya kuhuisha leseni. Leseni si ya milele, na ikiisha muda unahesabika kama asiye nayo.
- Risasi, ambazo nazo hununuliwa kwa leseni, kwa muuzaji anayeruhusiwa na kwa idadi inayoruhusiwa.

Ukitaka kuwinda, hiyo ni leseni nyingine kabisa, iliyo chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Na kumbuka ramani imebadilika: mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ambayo wazee waliyazoea ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Kuingia hifadhini na silaha bila ruhusa ni kosa hata kama leseni yako haina doa.

Mitego ya kwetu

*Gobore.* Wengi hudhani kwa kuwa limetengenezwa na fundi wa kijijini na linajazwa baruti kwa mbele, halihesabiwi. Linahesabiwa. Mahakamani ni silaha kama nyingine.

*Urithi.* Baba akifariki, bunduki yake haigawanywi pamoja na migomba. Toa taarifa polisi na uikabidhi. Mrithi anayeitaka aombe kwa jina lake mwenyewe, kuanzia kijijini kama kila mtu.

*Kuazima.* Kumpa mlinzi wako bunduki yako akeshe nayo si jambo dogo. Leseni ina jina lako, na yeye hana.

*Ya kuokota au ya kuachiwa.* Kama ndani ya nyumba kuna silaha ya zamani isiyo na karatasi, usiitafutie mnunuzi wala usiizike. Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vyake vya watu kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Sikiliza tangazo, soma masharti yake, mtangulize mwenyekiti wa kijiji, kisha ikabidhi mchana kweupe.

Kabla hujatoa pesa

Jiulize haya, na kila jibu liwe kwenye karatasi unayoweza kuishika:

1. Leseni ya kumiliki imeshatoka kwa jina langu?
2. Kama ni ya nje, kibali cha kuingiza ninacho, na muuzaji anacho cha kutoa?
3. Kibali kinataja aina, namba na idadi sawa na ankara?
4. Nimepiga ushuru na tozo kwanza, kisha VAT juu yake?
5. Wakala ametenganisha kodi na ujira wake?
6. Kabati la chuma liko tayari nyumbani?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na bunduki bila daftari humpoteza mwenyewe. Ukikosa jibu hata la swali moja, kesho asubuhi nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaulize. Nenda na barua ya kijiji tu. Bunduki iache iliko, kwa muuzaji.